Barua ya wazi: Uwekeeni mpaka ukingo wa Ziwa Natron

Kwa:
Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA),
Wenyeviti na wakurugenzi wa halmashauri za Longido na Ngorongoro,
Viongozi wa vijiji vinavyolizunguka Ziwa Natron.

Waheshimiwa,

Salaam. Ninaandika kama mtazamaji wa ndege wa hapa Arusha, mmoja wa wale wanaotoka mjini Ijumaa jioni na darubini shingoni na hema nyuma ya gari. Ombi langu ni moja. Nalitaja mapema ili asiye na muda asome aya hii tu: tunaomba ukingo wa Ziwa Natron uwekewe mpaka unaoonekana kwa macho, mahali gari linaposimama na hema linapoishia, na chemchemi za maji matamu zilizo kando ya ziwa waachiwe ndege alfajiri na jioni.

Mwenye muda aendelee.

Sifa za Natron mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitazirefusha. Ziwa lina urefu wa kilomita kama 57 na upana wa kilomita 22 hivi, na kina chake hakifiki mita 3. Tangu mwaka 2001 bonde lake limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote wa dunia, hao flamingo wa waridi tunaowaona Manyara, Nakuru na Bogoria, wameanguliwa hapa. Kwa Afrika Mashariki hakuna mahali pengine wanapotaga kwa uhakika. Mwaka 2006 lilipoletwa pendekezo la kiwanda cha kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka, kelele zilitoka ndani na nje ya nchi, na mwaka 2008 mwekezaji akajitoa. Heshima kwa wote waliosema hapana wakati huo.

Shida yangu ni kwamba tangu hapo kila mazungumzo kuhusu Natron yanahusu katikati ya ziwa. Heroe wanajenga viota vyao vya tope huko mbali, kila kimoja na yai moja juu yake, na kinachowalinda ni ukali wa mahali penyewe. Mwaka 1954 Leslie Brown, aliyekuwa ofisa kilimo Kenya na mpenzi mkubwa wa ndege, alijaribu kuvifikia viota hivyo kwa miguu. Tope la magadi lilimchoma miguu vibaya kiasi kwamba nusura aipoteze. Fisi hafiki huko, wala mbweha. Ndiyo maana tumejizoesha kusema kwamba ndege wa Natron wanajilinda wenyewe.

Katikati, sawa. Ukingoni hakuna anayejilinda.

Heroe anakula ndani ya maji ya magadi, lakini hawezi kuyanywa hayo hayo akaishi. Inambidi aje kwenye maji matamu anywe na kuoga, aondoe chumvi kwenye manyoya. Maji hayo yako kandokando ya ziwa, kwenye chemchemi zinazobubujika chini ya mawe na kwenye midomo ya vijito kama Engare Sero na Peninj. Hata chemchemi za moto wanazinywa. Ukikaa kimya mbali kidogo kabla jua halijatoka nyuma ya mlima Gelai, utawaona wanakuja kwa makundi, wanatembea taratibu kuelekea pale ambapo maji ya chemchemi yanakutana na ya ziwa. Anatumbukiza kichwa, ananyanyua shingo yote juu mpaka koo linacheza, kisha anajipigapiga mabawa majini kama mtoto aliyewekwa kwenye beseni. Wa nyuma wanasubiri. Hakuna anayesukuma.

Sasa, sehemu hizo hizo ndizo mpiga kambi anazozipenda. Kuna maji, kuna majani ya kijani, kuna mandhari ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai upande wa kusini, na picha inatoka nzuri bila jitihada. Kwa hiyo gari linashushwa hadi pale. Mahema yanasimikwa hatua chache kutoka chemchemi, spika inawashwa, mtu anafua fulana zake kwa sabuni ya unga kwenye maji ambamo wanaishi samaki wadogo jamii ya sato wasiopatikana kwingineko zaidi ya Natron na Ziwa Magadi la Kenya. Asubuhi heroe wanafika, wanawakuta watu, wanazunguka juu mara mbili tatu, wanaondoka bila kunywa. Mgeni anapiga video ya kundi linaloruka na kuandika kwamba ameona maajabu. Alichokiona ni ndege waliofukuzwa kwenye maji yao, na hakuna bango lililomwambia hivyo.

Kuna mwingine ambaye hata huyo mgeni hamwoni. Ni kitwitwi mdogo mwenye utepe wa rangi ya kutu kifuani, mweupe tumboni, mgongo wa rangi ya vumbi. Kwa Afrika Mashariki huyu ni ndege wa Natron na Magadi na maziwa machache ya magadi ya jirani, basi. Kiota chake ni kijishimo tu kwenye ardhi tupu kando ya ziwa. Ndani yake huwa na mayai mawili ya rangi ya mchanga yenye madoa meusi, na ukiyatazama kwa hatua tano huyaoni. Nimewahi kuonyeshwa kiota kimoja na kijana wa pale kijijini, akaninyooshea kidole mara tatu kabla sijakiona, na nilikuwa nimeinama. Dereva wa Landkruza atakionaje akiwa juu ya usukani? Karibu na kiota hicho palikuwa na alama za matairi zilizokata lile ganda jeupe la chumvi na kuzama kwenye tope jeusi. Alama za namna hiyo hazifutiki mpaka mvua zije. Dereva wa pili akizifuata anadhani ni barabara. Wa tatu anakuwa na hakika.

Na kuanzia Septemba hadi Aprili wapo wageni wetu wa kutoka kaskazini. Hawa ni vitwitwi wa aina nyingine, wadogo, wa gramu 25 hivi, wepesi kuliko barua hii ukiichapa kwenye karatasi, wanakuja kutoka pwani za barafu za Siberia na kukaa kwenye tope la Natron wakila wadudu wa majini. Ndege huyu akifukuzwa mara sita kwa siku, anachokula hakimtoshi kurudi. Gari linaloendeshwa sambamba na ukingo wa maji kwa nusu saa linawarusha wote, kilomita kwa kilomita.

Droni nazo nizitaje kwa ufupi. Kurusha droni nchini kunahitaji kibali na hilo linajulikana, lakini mtu akishafika ukingoni hakuna wa kumuuliza. Heroe wanaweza kulikimbia koloni zima la viota wakishtushwa katika wiki za kuatamia, ambazo ni kama nne, na hawatagi kila mwaka. Droni ni chombo cha burudani kinachoweza kuvuka lile tope lililomshinda Leslie Brown. Kwa hilo sioni nafasi ya kujadiliana. Ipigwe marufuku ziwani isipokuwa kwa watafiti wenye kibali cha kazi hiyo.

(Ninajua pia kwamba wapo wanaokuja kwa sababu ya ile hadithi ya mtandaoni kwamba Natron linageuza ndege kuwa mawe. Halikugeuza kitu. Mwaka 2013 zilisambaa picha za ndege waliokuwa wameshakufa na kukaushwa na chumvi, ambao mpiga picha aliwaokota ukingoni na kuwapanga kama walio hai. Bango moja dogo la kueleza hivyo lingewasaidia sana waongoza watalii, ambao wamechoka kuulizwa.)

Hapa naomba msinielewe vibaya, maana naijua njia ambayo barua za namna hii hupita zikifika ofisini. Inaandikwa "uharibifu wa mazingira", inapigwa marufuku ya kambi, na miezi michache baadaye eneo lile lile linabaki la hoteli mbili tatu za mahema ya kifahari ambazo mwalimu wa Mto wa Mbu hawezi kulipia hata chakula cha mchana. Sitaki hilo. Hema la bei rahisi ndilo linalomfikisha Mtanzania Natron. Mwanafunzi wa chuo, fundi, nesi aliyebana likizo yake, hawa wanakuja na turubai, jiko la mkaa na sufuria ya ubwabwa, na wengi wanamwona heroe kwa mara ya kwanza maishani wakiwa hivyo. Ukimwondoa huyu, utakuwa umewaondoa watetezi wa ziwa hili wa miaka 20 ijayo. Kambi zibaki. Zisogezwe.

Na wala barua hii isitumiwe dhidi ya mfugaji. Ng'ombe wa Wamasai wamekunywa kwenye chemchemi hizi vizazi na vizazi na heroe wakiwepo, kwa saa zao na kwa njia zao, na mchungaji huwa hasimami katikati ya kundi la ndege akipiga kelele. Mkitaka kujua ni chemchemi ipi inatumiwa na ndege saa ngapi, wazee na vijana wachungaji ndio wa kuwauliza kwanza kabla ya kumlipa mshauri wa mbali. Mpaka ninaouomba ni wa magari na mahema. Yeyote atakayeutumia kumhamisha mtu au mifugo yake atakuwa ameiba hoja yetu.

Kwamba jambo hili linawezekana jangwani, mifano ipo. Kule Nevada, Marekani, kilomita kama 145 kutoka Las Vegas, kuna hifadhi ya Pahranagat iliyoanzishwa mwaka 1963. Ni maziwa na vinamasi vinavyolishwa na chemchemi katikati ya jangwa, kituo cha ndege wanaohama. Kambi inaruhusiwa, tena bure, lakini kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa la juu peke yake, kwenye sehemu chache zilizotengwa. Ukikuta zimejaa, umechelewa. Kwingineko hakuna kambi. Ras Al Khor, Dubai, mjini kabisa, ndugu zetu wengi wanaofanya kazi kule wamewahi kupita: heroe wakubwa wanasimama kwenye tope na nyuma yao maghorofa, na mtazamaji anakaa ndani ya kibanda cha kujificha akitumia teleskopu iliyowekwa pale. Haruhusiwi kukanyaga tope, na kiingilio hakuna. Hawa wana fedha kuliko sisi, mtasema. Ni kweli. Lakini kibanda cha fito na makuti hakihitaji fedha za mafuta, na sisi tuna kitu wasichokuwa nacho, yaani heroe wadogo wanaozaliana kwa maelfu kwa maelfu.

Nije kwenye mpaka wenyewe, kwa sababu hapo ndipo tunapoweza kukosea kitaalamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria nzuri kwa Ziwa Victoria. Natron ni ziwa la kina kifupi mno, na ukingo wake unahama. Baada ya mvua nzuri kwenye milima ya Mau, mto Ewaso Ng'iro unaleta maji kutoka Kenya na ziwa linapanuka, kisha kiangazi linarudi nyuma na kuacha uwanda mweupe usio na mwisho. Mita 60 kutoka maji yalipo mwezi Oktoba ni katikati ya tope, penye viota vya kitwitwi. Kwa hiyo mpaka usipimwe kutoka kwenye maji. Uwekwe pale majani yanapoishia na ganda la chumvi linapoanza. Mstari huo hauhami sana, kila dereva anaweza kuuona, na hauhitaji mpima ardhi. Mawe ya volkano yamejaa pale bure. Yapakwe chokaa nyeupe na kupangwa hatua kumi kumi kwenye zile sehemu ambazo magari hushuka. Sisemi kuzunguka ziwa lote. Ni sehemu chache tu, na kila mwongoza watalii anazijua.

Kutoka kwenye mawe kwenda mbele, watu waende kwa miguu pamoja na kijana wa kijiji aliyefundishwa, na wasimame penye alama. Kwenye chemchemi kubwa kiwepo kibanda kimoja cha kujificha, na kambi iwe mbali kiasi kwamba mazungumzo ya kawaida hayafiki majini. Kuanzia alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni, mtu asiende kwenye chemchemi. Atazame kutoka kibandani. Mchana joto ni la kuua na hakuna anayefurahia kutazama ndege wakati huo hata hivyo. Kuoga na kufua kuhamishiwe kambini, kwenye tangi. Mpiga kambi akijua hilo mapema atakuja na madumu yake.

Fedha. Sina ugomvi na ushuru, na sitaki kuingia kwenye mjadala wa mageti ya barabara ya kuja Natron, ambao nyote mmeushika kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba mgeni anafika ukingoni na risiti mkononi na hakuna hata kitu kimoja pale ukingoni kinachomwonyesha risiti ile ilinunua nini. Choo cha shimo kilichojengwa vizuri, bango la Kiswahili, Kimaa na Kiingereza lenye picha za ndege 15 wa kawaida, teleskopu moja ya kudumu ambayo mtoto wa shule ya Engare Sero anaweza kuitumia bila kulipa. Nadhani hilo la mwisho lingefanya kazi kuliko semina zote. Kuna watoto wanaokua wakiliona ziwa maarufu kila siku kutoka mlangoni kwao na hawajawahi kumwona heroe kwa karibu, ilhali mtu wa Ulaya anamjua mpaka rangi ya jicho.

Vijana wa kufundishwa wapo. Tayari wanawapeleka wageni kwenye maporomoko ya Engare Sero, kwenye nyayo za binadamu wa kale zaidi ya 400 zilizogandamana kwenye majivu ya volkano, na usiku wa manane kupanda Lengai. Wana macho ya kutisha. Wanachokosa ni darubini na majina. Waingizwe kwenye sensa ya ndege wa majini, inayofanyika Afrika nzima kila Januari, wahesabu ziwa lao wenyewe na walipwe posho kama wengine. Mtu aliyehesabu vitwitwi 2,000 kwa siku kwenye jua lile hamruhusu dereva kuwakanyaga.

Kwa nini sasa? Kwa sababu barabara inakuja. Kipande cha Wasso hadi Sale kimeshapata lami, na siku kipande cha chini nacho kikiwa laini, safari ya kutoka Mto wa Mbu itakuwa ya asubuhi moja na Natron litakuwa la kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili. Watu watakuwa wengi, na itakuwa vigumu kuwaambia wasogeze hema mahali ambapo mwaka jana waliruhusiwa. Pia kwa sababu maziwa ya Bonde la Ufa upande wa Kenya yamekuwa yakijaa kwa zaidi ya miaka 10. Maji ya Nakuru yamepungua magadi, na chakula cha heroe kimepungua nayo. Ndege wanaohangaika huko wanategemea Natron zaidi kuliko zamani. Habari ya Ewaso Ng'iro na mipango ya mabwawa juu ya mto ni kubwa kuliko barua hii na inahitaji serikali mbili kukaa meza moja. Mawe ya chokaa hayahitaji mkutano wa kimataifa.

Hatuombi bajeti ya mwaka huu. Sisi watazamaji wa ndege wa Arusha na Moshi tutachanga chokaa, brashi na mafuta ya gari, na waongoza watalii kadhaa wamesema watakuja na magari yao. Tunachohitaji kutoka kwenu ni vitu vitatu: barua ya ruhusa yenye saini za halmashauri zote mbili, idhini ya mikutano ya vijiji husika, na ofisa mmoja wa kutembea nasi siku ya kupanga mawe ili mstari uwe wa serikali na si wa kikundi cha wapenda ndege. Tungependa kazi iwe imekwisha kabla ya sensa ya Januari ijayo. Yule kijana aliyenionyesha kiota amekubali kutembea mbele ya magari yetu siku hiyo, aangalie chini.

Wenu katika kazi,

Mtazamaji wa ndege,
Arusha